Maswali ya Wasomaji: Manjano ya Watoto Wachanga na Vipimo Vidogo vya Zahanati

Tangu tulipogusia manjano ya watoto wachanga katika safu hii, barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, na sehemu kubwa zinauliza habari za vifaa vidogo vya kupimia bilirubini ambavyo vimeanza kuonekana nje ya maabara. Nimechagua tano. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Daktari, nilijifungua mtoto wa kiume kwa njia ya kawaida na kesho yake tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya nne muuguzi wa zahanati aliona macho ya mtoto yamegeuka manjano. Akamchoma kisigino, akaweka tone la damu kwenye kikadi na kukiingiza katika mashine ndogo inayoenea kiganjani. Mashine ikatoa 11. Akatuandikia barua ya kwenda hospitali, na huko, jioni ileile, maabara ikatoa 188. Mume wangu hakulala. Namba inawezaje kupanda mara kumi na saba kwa saa chache? Na je, mtoto hakupaswa kupewa chanjo ya homa ya manjano? (Mama wa Pangani)

JIBU: Mama, pole kwa safari na kwa usiku huo. Namba hizo mbili ni kiasi kilekile kilichotajwa kwa vipimo viwili, kama mtu anayeuliza umbali wa Tanga akajibiwa na mmoja kwa maili na mwingine kwa kilomita. Kifaa cha zahanati kinahesabu miligramu kwa desilita, na maabara iliyowapokea inahesabu mikromoli kwa lita. Zidisha 11 kwa 17.1 utapata 188. Kwa hiyo vifaa vilikubaliana vizuri sana, na kosa lilikuwa letu sisi watoa huduma, ambao tuna tabia mbaya ya kuandika namba tupu bila kipimo chake. Laiti barua ya rufaa ingeongezwa maneno matatu, mumeo angelala.

Bilirubini ni rangi ya manjano inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjwa. Mtoto huzaliwa na chembe nyingi ambazo maisha yake ni mafupi kuliko za mtu mzima. Zinavunjika kwa wingi, na ini lake, ambalo lilizoea kusaidiwa na kondo la nyuma, bado halina kimeng'enya cha kutosha cha kuiandaa rangi hiyo itoke kwa njia ya choo. Ndiyo maana watoto wapatao 6 kati ya 10 waliotimiza miezi yao, na 8 kati ya 10 walio njiti, hupata manjano katika wiki ya kwanza, na walio wengi hupona bila tiba yoyote. Kwa wachache rangi hupanda mpaka ikapenya kwenye ubongo, na ikishapenya huacha uziwi, macho yasiyoweza kutazama juu, na mtindio wa ubongo wa aina ile inayofanya viungo vijinyonge bila hiari ya mwenyewe. Hakuna dawa inayorudisha kilichoharibika.

Ugumu wa ugonjwa huu uko kwenye kalenda. Bilirubini ya mtoto aliyetimiza miezi hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, wakati mama aliyejifungua salama huruhusiwa mara nyingi baada ya saa 24. Siku ya hatari inamkuta mtoto nyumbani, na kwetu pwani inamkuta ndani, katika chumba cha arobaini chenye pazia lililoshushwa na taa hafifu, akiwa amefunikwa kanga mpaka kidevuni. Katika mwanga ule hata daktari bingwa hawezi kusema mtoto ni wa manjano au si wa manjano. Muuguzi wako alimtazama mtoto siku ya nne, mchana, kisha hakuridhika na macho yake akapima. Hivyo ndivyo kazi hii inavyotakiwa kufanywa.

Namba ya bilirubini haisomwi peke yake. Husomwa pamoja na umri wa mtoto kwa saa na umri wa mimba aliyozaliwa nayo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2010, kwa mfano, humweka chini ya taa ya bluu ya kushusha bilirubini mtoto wa wiki 38 na zaidi akifika mikromoli 200 akiwa na saa 24, lakini akiwa na saa 96 husubiri mpaka 350. Kwa hiyo 188 ya mwanao siku ya nne, ikiwa alizaliwa kwa miezi yake na ananyonya vizuri, haikuwa ya kutisha. Namba hiyohiyo kwa mtoto wa saa kumi na mbili ingekuwa dharura, na manjano yoyote yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura hata kabla ya kupima.

Homa ya manjano ni jambo jingine kabisa: ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, na chanjo yake haihusiani na hali ya mwanao. Lugha yetu imeyapa magonjwa mawili jina linalokaribiana, na kila mwaka napokea barua kadhaa kwa sababu hiyo.

SWALI: Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati iliyo mbali na hospitali ya wilaya. Tumeonyeshwa kifaa kinachogusishwa kwenye paji la uso wa mtoto na kutoa namba bila damu, lakini wenzangu wanasema hakiwezi kusoma ngozi nyeusi. Kwa sasa ninabonyeza ncha ya pua kwa kidole, kisha kifua, kisha miguu. Je, niendelee hivyo? (Muuguzi, Kigoma)

JIBU: Dada, kubonyeza usiache, kwa kuwa ndiko kunakokufanya umvue mtoto nguo na kumtazama mwili mzima, ila usikutegemee kupita kiasi. Ni kweli kwamba manjano huanza usoni na kushuka kuelekea miguuni, na daktari Kramer aliandika kuhusu mpangilio huo mwaka 1969, ambao tangu hapo umefundishwa katika kila chuo cha uuguzi. Tatizo ni kwamba watoto wawili wenye manjano yaliyofika kitovuni wanaweza kuwa na bilirubini zinazotofautiana sana, na wahudumu wawili wakimtazama mtoto mmoja hutoa majibu mawili. Katika ngozi nyeusi, angalia pia ufizi na weupe wa macho, na fanya hivyo karibu na dirisha, si chini ya taa ya rangi ya njano.

Kifaa ulichoonyeshwa hupiga mwanga kwenye ngozi na kupima kinachorudi. Bilirubini humeza mwanga wa bluu, kwa hiyo bluu ikipungua katika mwanga unaorudi, kifaa kinajua kuna bilirubini chini ya ngozi. Wajapani wakiongozwa na Yamanouchi walikitangaza mwaka 1980, na tangu hapo kimeboreshwa kwa kuongeza rangi nyingine za mwanga ili kutenganisha bilirubini na melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi, na himoglobini, yaani rangi nyekundu ya damu. Wenzako hawakukosea kabisa. Katika watoto wenye ngozi nyeusi vifaa hivi mara nyingi hutaja namba kubwa kuliko ile ya damu. Lakini fikiria upande ambao kosa linaangukia: kifaa kinachozidisha kitakufanya upeleke hospitali watoto wachache wasiohitaji kwenda, ilhali kidole kinaweza kukufanya umrudishe nyumbani mtoto aliyehitaji. Safari ya bure ni mzigo kwa mama wa kijijini, silidharau hilo, ila hailingani na uziwi.

Ukikipata, kuna mipaka yake. Mwongozo huo wa Uingereza haukitumii kwa mtoto wa chini ya saa 24 wala kwa njiti wa chini ya wiki 35, na kikizidi mikromoli 250, yaani karibu 15 katika kipimo kingine, unatakiwa kuthibitisha kwa damu. Mtoto aliyekwisha kulazwa chini ya taa usimpime kwa kifaa hiki, kwa sababu taa husafisha ngozi kabla ya kusafisha damu, na utasoma namba nzuri ya uongo. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022, linataka kila mtoto apimwe hivi kabla ya kuruhusiwa kutoka kituoni. Ni pendekezo zuri lenye bei mbaya: kifaa kimoja hugharimu maelfu ya dola, na ndiyo sababu umeonyeshwa bila kuachiwa.

Kwa zahanati isiyo na chochote ipo rula ya plastiki yenye vibanzi vya manjano vya kukolea tofauti. Unaibonyeza kwenye pua ya mtoto mpaka damu ikimbie, kisha unalinganisha rangi ya ngozi na ya vibanzi. Wazo hili ni la tangu miaka ya 1960, na toleo lake jipya limejaribiwa Bangladesh. Haihitaji umeme wala betri. Ichukulie kama chekeche: inakuambia nani apimwe damu, haikuambii nani alazwe.

SWALI: Ninatengeneza vifaa tiba katika hospitali ya wilaya. Mashine yetu ya kuzungusha damu imekufa mara tatu mwaka huu. Nimesikia kuna kipimo cha bilirubini kisichohitaji kuzungusha damu. Kinafanyaje kazi, na je, fundi anaweza kukiunda mwenyewe kwa taa za LED? (Fundi, Morogoro)

JIBU: Ndugu fundi, swali lako limenifurahisha kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu.

Maabara huzungusha damu kwa sababu wekundu wa himoglobini humeza mwanga wa bluu uleule unaomezwa na bilirubini. Usipotenganisha, hujui unapima nini. Vipimo vipya vimeacha mashine na kuiachia karatasi kazi hiyo. Kikadi kina utando wenye matundu madogo unaozuia chembe nyekundu, na chini yake kipande cha karatasi kinachonyonya kama utambi wa kibatari. Weka tone la damu ya kisigino upande mmoja, na baada ya dakika chache utaona, upande wa pili, ukanda wa plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, ukitambaa: karibu mweupe kwa mtoto mzima, wa rangi ya ute wa yai kwa mtoto aliye hatarini. Kikadi kinaingia kwenye kisomeo, taa ya LED ya bluu inapita katika ukanda ule, kihisi upande wa pili kinapima mwanga uliosalia, na taa ya rangi nyingine, ambayo bilirubini haiigusi, inasaidia kuondoa hesabu ya himoglobini iliyovuja na ya karatasi yenyewe.

Kipimo cha namna hii kiitwacho BiliSpec kilibuniwa na kundi la Chuo Kikuu cha Rice, Houston, linaloongozwa na Rebecca Richards-Kortum, likajaribiwa katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalihusu sampuli 94 za watoto 68, na namba zake zilikaribiana sana na za maabara. Kimeendelezwa kwa jina la BiliDx, na mpango wa NEST360, ambao unafanya kazi Malawi, Kenya, Nigeria na hapa Tanzania, umekiweka miongoni mwa vifaa vyake vya watoto wachanga. Waitaliano wa Trieste nao wana chao, Bilistick, kinachotumia damu kidogo vilevile.

Kuhusu kuunda mwenyewe: kisomeo utakiweza, sina shaka. Taa mbili, kihisi cha mwanga, betri na kisanduku cheusi kisichopitisha mwanga wa nje ni vitu vya benchi lako. Utakwama kwenye kikadi. Utando ukikubali chembe kidogo tu zipite, au zikipasuka njiani, wekundu unaingia kwenye plazma na namba inaharibika. Kikadi kikifyonza unyevu wa stoo, plazma inatambaa kwa mwendo mwingine na namba inaharibika. Mtoto mwenye damu nzito anatoa plazma kidogo, na ukanda haujai. Hayo hayarekebishwi kwa bisibisi. Kwa hiyo nakushauri utunze, usiunde: kagua kila asubuhi kwa kikadi cha majaribio chenye namba inayojulikana, weka vikadi katika mfuko wao mpaka dakika ya kuvitumia, na mkumbushe mtunza stoo kwamba kisomeo kisicho na vikadi ni pambo. Nimeona mashine nzuri zikigeuka mapambo kwa njia hiyo hasa, miezi mitatu tu baada ya kupigwa picha za makabidhiano.

Ongeza jambo moja ambalo mafundi wengi hawaambiwi. Mwanga huivunja bilirubini hata ikiwa ndani ya kichupa. Katika wodi moja niliyofanya kazi nikiwa kijana, sampuli za asubuhi ziliwekwa kwenye trei chini ya dirisha la mashariki zikimsubiri mpeleka maabara, na kwa wiki kadhaa tulijisifu kwamba watoto wetu wanapona haraka. Walikuwa hawaponi. Tulikuwa tunatibu vichupa. Funga sampuli kwa karatasi ya aluminiamu au uiweke gizani, na ukipewa kipimo cha zahanati kinachosoma papo hapo, hesabu kwamba umeepuka kosa hilo pia.

Tena, usipime mtoto ukaisahau taa. Taa ya tiba inapaswa kutoa mwanga wa bluu wa nanomita 460 hadi 490 au hapo karibu, na kwa tiba kali nguvu yake isipungue mikrowati 30 kwa sentimita ya mraba kwa nanomita. Taa za mrija huchakaa zikiendelea kuwaka; jicho linaona bluu nzuri, kipima nguvu kinaona nusu ya inayotakiwa. Ukipata bajeti ya kifaa kimoja cha ziada, nunua kipima nguvu hicho.

SWALI: Mwanangu, sisi tulilea watoto saba, na kila aliyekuwa manjano tulimwotesha jua la asubuhi akapona. Leo mjukuu wangu kachomwa kisigino mara tatu. Jua limekosa nini? (Bibi, Bagamoyo)

JIBU: Shikamoo, bibi. Jua halijakosa kitu, na historia iko upande wako kwa kiasi fulani. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi aitwaye Jean Ward, aliyekuwa na desturi ya kuwatoa njiti uani wakapate jua, alimwonyesha daktari mtoto aliyekuwa amepauka mwili mzima isipokuwa pembetatu moja ya ngozi iliyobaki manjano. Pembetatu hiyo ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Baadaye pale pale kichupa cha damu kilisahauliwa dirishani juani, na bilirubini yake ikaonekana imeshuka. Ni kisa kilekile nilichomsimulia fundi wa Morogoro, ila wao walikuwa na akili ya kujiuliza kwa nini. Daktari Cremer na wenzake wakachapisha habari ya tiba ya mwanga mwaka 1958, na taa za bluu za leo ni wajukuu wa jua lile la Rochford.

Lakini, bibi, wale saba wako wangepona hata bila jua, kwa kuwa walio wengi hupona. Jua la asubuhi ni dhaifu na la dakika chache, na jua la kutosha kutibu humkausha mtoto, humpandisha joto na kumwunguza. Wenzetu wa Lagos walijenga vibanda vyenye karatasi maalumu inayochuja mionzi ya kuunguza na ya joto, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba jua lililochujwa hivyo halikuzidiwa na taa kwa watoto wenye manjano ya kadiri. Hata hao walipima damu. Kisigino kinachomwa ili kumjua yule mmoja ambaye jua lisingemtosha.

Na kwa kuwa umeandika kutoka pwani, nina ombi. Nguo za mjukuu zilizotunzwa kabatini pamoja na vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuza nondo, tafadhali asivalishwe. Katika nchi zenye malaria watoto wengi huzaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, na harufu ya vidonge hivyo inatosha kupasua chembe zao za damu na kupandisha manjano kwa kasi. Kufua na kuanika hakutoshi kuaminika, mtafutie nyingine.

SWALI: Je, ni kweli simu inaweza kupima manjano? Mke wangu anakaribia kujifungua, nami nina simu nzuri. (Baba mtarajiwa, Mombasa)

JIBU: Inaweza, chini ya masharti. Programu ya neoSCB iliyotengenezwa na chuo kikuu cha University College London, UCL, hupiga picha weupe wa jicho, mahali ambapo melanini ya ngozi haisumbui, na huondoa athari ya mwanga wa chumba kwa kulinganisha picha ya mwanga wa simu na picha isiyo nao. Ilijaribiwa Accra, Ghana, kwa watoto zaidi ya 300, na kati ya 79 waliokuwa na manjano makali ilitambua 74. Wanorwe wana Picterus, na Chuo Kikuu cha Washington kilibuni BiliCam. Hizo mbili huwekewa kadi ya rangi juu ya kifua cha mtoto. Zimejaribiwa mikononi mwa watu waliofunzwa, na mtoto mchanga, kama utakavyogundua karibuni, hafumbui macho kwa sababu baba ameshika simu.

Usipakue programu yoyote uliyoikuta mtandaoni ukaifanya maabara. Tumia simu yako hivi: andika saa aliyozaliwa, uliza kundi la damu la mama kabla hamjatoka, na panga usafiri wa kurudi kliniki kati ya saa 48 na 72, hata akionekana mzima. Kabla ya hapo, akigoma kunyonya, akilala bila kuamshika, akilia kwa sauti nyembamba ya juu, akipinda mgongo kama upinde au akipata degedege, hamtafuti kipimo tena, mnatafuta gari, saa yoyote ile.